Nimeziba Kamera ya Mama

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba jibu fupi tu: hivi vilaptopu vidogo vyenye kamera ndani yake vina maana yoyote au ni takataka? Ningefurahi uandike kwamba ni takataka, niukate ukurasa wako nimtumie mdogo wangu, maana yeye ndiye aliyetuletea balaa hili nyumbani.

Mimi ni fundi cherehani, naishi na mama yangu katika vyumba viwili, cha mbele nashonea, cha ndani tunalala, na mama ni kiziwi tangu utotoni, hakusoma, anaongea kwa mikono, na mimi kifungua mimba wake ndiye niliyekuwa masikio yake tangu nina miaka saba, dukani mimi, hospitali mimi, hata baba alipotuacha ni mimi niliyemfikishia mama maneno yake, halafu mdogo wangu akasomea unesi, akaajiriwa mbali, akaolewa huko huko, akawa anapiga simu kila Jumapili, anaongea na mimi, namwambia mama kwa mikono, mama anajibu, namrudishia, na hapo ndipo penye shida, mshauri, kwa sababu nilikuwa sifikishi yote.

Mdogo wangu akisema, "Dada, mwambie mama aje akae kwangu, amwone mjukuu wake," mimi nilimwambia mama kwamba anasalimiwa, nyumba ya mwanawe bado ndogo, tusubiri kidogo. Mama akisema yuko tayari kwenda hata kesho, nilisema kwenye simu, "Mama anasema kifua kinambana, safari haiwezi." Miaka miwili! Usinihukumu haraka. Yule aliondoka na begi lake akaniachia kila kitu, halafu aje anichukulie na mama, mimi nibaki naongea na cherehani?

Basi akatuma hicho kilaptopu, kidogo kama sinia la chai. Siku ya kwanza tu mama akamuuliza kwa mikono, "Nyumba yako bado ndogo?" Mdogo wangu akashangaa, "Ndogo? Nani kasema? Na kifua chako je?" Nilikuwa napiga pasi, nikasahau mkono pale pale, shati la mteja likaungua mgongoni. Mama akanigeukia, akauliza, "Kwa nini?" Nikajibu kwa mdomo, mikono iligoma. Tangu siku hiyo nikitaka kuongea naye anafumba macho, na kiziwi akikufumbia macho amekufungia mlango, huna hata pa kubisha.

Hasira zikanipanda, kesho yake nikabandika kipande cha selotepu juu ya kamera, nyeusi kama fremu yenyewe, huwezi kuijua. Mama anamwona mdogo wangu, mdogo wangu anaona giza. Kila siku baada ya chakula cha mchana mama anajifunga kilemba, anakaa mbele ya kile kitu, anaongea, anaongea, na yule kule anamjibu kwa mikono, "Sikuoni, mama, sikuoni." Hii ni wiki ya pili. Jana mdogo wangu kanipigia anauliza kama hivi vidogo ni vibovu, anunue kikubwa? Mimi nimjibu nini?

Masikio ya Mama

Fundi, umenikasirisha, na sitakuficha.

Swali lako kwanza, usije ukasema nimelikwepa. Mtu mwenye kazi nyingi za kompyuta asinunue laptopu hizo: vitufe vimebanana, kioo kidogo, ukifungua mambo matatu zinakwama. Kwa mama yako inafaa kabisa. Iweke mezani, mwanga wa dirisha umwangukie yeye, asogee nyuma mpaka mikono yote miwili ionekane, na apunguze kasi kidogo ili vidole visomeke. Haya, kata ukurasa umtumie mdogo wako.

Ulikuwa na miaka saba ulipokabidhiwa masikio ya mtu mzima. Hilo lilikuwa kosa la wakubwa wa nyumba yenu, na nakuonea huruma, hasa kwa siku ile ya baba yako. Lakini leo wewe ni mtu mzima. Mama yako alikupa maneno yake kwa sababu hakuwa na pengine pa kuyapitishia, nawe ukayachambua kama vitambaa mezani, hili lipite, hili nitupe. Na sasa unamkalisha amevaa kilemba chake, anamtazama mtoto wake akimtafuta gizani. Una moyo wa namna gani wewe?

Usiendelee kusoma. Inuka ukabandue hiyo selotepu, kisha urudi.

Umerudi? Leo mama akikaa mbele ya laptopu, kaa naye. Wote wawili wakikuona, sema kwa mikono yako kila ulichokibadilisha, na selotepu uitaje. Hakuna "nisameheni, lakini". Mama akifumba macho, endelea; mdogo wako ataona, naye atamweleza. Mdogo wako naye mwambie kinachokuchoma, kwamba foleni zote za hospitali zimekuwa zako peke yako. Hilo una haki nalo. Ulipaswa kumwambia Jumapili ya kwanza, usimlipizie kisasi kwa mgongo wa mama. Ukimaliza, rudi kwenye cherehani yako, waache waongee, na usitafsiri hata neno moja bila kuombwa.

Halafu muulize mama lile swali ulilomnyima miaka miwili: anataka kwenda? Akisema ndiyo, mshonee gauni la safari umsindikize mwenyewe hadi stendi. Akisema anabaki, basi ndipo utakapojua, kwa mara ya kwanza, kwamba anaishi na wewe kwa kupenda.