Ushahidi Walioutaka Kwangu

Baba Neema,

Nimerudi kazini. Wauguzi wenzangu wananiuliza kama niko sawa, najibu niko sawa, na papo hapo nakukumbuka. Wewe ungewaambia ukweli. Kwa hiyo nakuandikia, nikueleze yaliyotokea kabla hatujakuzika.

Nyumba yetu hapa Perry Barr, huku ughaibuni, ilijaa watu. Waimbaji wa kanisa walikaa hadi kwenye ngazi. Jumamosi mchana mdogo wako Kilonzo aliniita jikoni, yeye na mchungaji, akafunga mlango.

"Shemeji," akasema, "watu wanaongea. Wanasema marehemu aliiacha imani akafuata mambo ya yule Mchina. Kwenye ibada utasimama, useme alitubu mbele yako kabla ya kukata roho. Maneno yaishe."

Hukutubu, Baba Neema. Ulilala tu, mkono wako mkononi mwangu. Na kuacha imani hukuiacha. Kila jioni ulisali na Neema mpaka sauti ilipokwisha. Lakini asubuhi ulikuwa na jirani yetu, Bwana Lin, kwenye bustani nyuma ya uwanja wa michezo, mkisogeza mikono polepole kama watu wanaotembea ndani ya maji. Ukirudi unanieleza mafundisho ya Tao, yaani Njia, nami nakaanga mayai kwa hasira. Ulisema mtu wa kweli haisukumi Njia, huifuata inavyokwenda. Hatafuti sifa, hajifanyi, na kifo kikija hakifukuzi kama mwizi. Nikakuuliza kama sasa wewe ndiye huyo mtu wa kweli. Ulicheka mpaka ukakohoa.

"Mimi, dereva wa basi? Kila siku nawatukana wenye baiskeli!"

Ugonjwa ulipokuja, utulivu wako uliniudhi. Kanisa zima limefunga na kusali kwa ajili yako, wewe unauliza kama miti ya mtaani imeanza kutoa maua. Nilidhani umekata tamaa na unaificha kwa maneno ya Bwana Lin. Mpaka asubuhi ile maumivu yalipokushinda. Ulilia kwa sauti mbele yangu na Neema. Ukasema, "Naogopa." Wageni walikuwa sebuleni, nikainuka kufunga mlango.

"Acha wazi," ukasema. "Ndivyo ilivyo."

Kisha ukaomba uji. Nikakunywesha, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba kule kucheka kwako na kule kulia kwako vilitoka mahali pamoja.

Sasa, pale jikoni, Kilonzo alikuwa akingoja jibu. Nikikataa, nani atakubeba? Nani atakuimbia?

"Siwezi kusema nisichokisikia," nikamwambia.

Kilonzo akapandisha sauti: "Unataka Mama afe kwa aibu?" Akampigia mama yako kule Machakos, akaweka spika, akafungua mlango wa jikoni ili wote wasikie.

"Mama Neema," mama yako akaniita. "Waache hao na mambo yao. Niambie wewe. Mwanangu aliogopa?"

Jibu zuri lilikuwa tayari mdomoni: hapana, Mama, aliondoka kwa amani. Kila mtu aliningoja niseme hivyo. Mimi mwenyewe nililitamani. Neema akanishika kiuno, akanong'ona kwa Kiingereza chake, "Just say it, Mum." Niseme tu, lakini sikujua anataka niseme lipi.

"Aliogopa, Mama. Alilia. Siku za mwisho hofu ikamwacha. Hakuifukuza, ilimwacha tu. Kutubu, sikumsikia akitubu. Kusali, alisali."

Nilidhani nimemuua.

"Huyo ndiye niliyemzaa," akasema. "Mngeniambia hakuogopa, ningejua mnamzika mtu mwingine."

Akaanza kulia, na ngazi nzima ikalia naye.

Kilonzo alichukua koti lake akatoka. Hakuja kukuzika. Mchungaji alikuja, akasoma zaburi, na la toba hakuligusa. Waimbaji waliimba. Tulipopungukiwa mtu mmoja wa kubeba jeneza, Bwana Lin, pamoja na uzee wake, alitoka nyuma akaingiza bega. Hakuna aliyemzuia.

Baba Neema, mimi si mtulivu kama wewe. Kila ninapoamka nagombana na kifo chako, na sitajifanya sigombani. Ila nakuahidi hili. Jumapili nitapanda treni na Neema mpaka Selly Oak, kwa baba yake mdogo, Kilonzo. Tutabisha hodi. Akifungua, sitamdai msamaha. Asipofungua tutarudi nyumbani, na Jumapili nyingine tutakwenda tena.

Pumzika, mume wangu.

Mama Neema