Tomi Hataki Kuitwa

Jumatatu, 3 Machi
Nimeita "Njoo!" hadi koo limekauka. Tomi anazunguka migomba, ananitazama, anazunguka tena. Usiku analinda, asubuhi lazima arudi bandani kabla sijafungua geti. Nje malori ya kokoto hayana huruma. Mbwa wetu wa kwanza alifia hapo hapo. Tomi nimempata saa mbili. Nikamchapa fimbo moja ili akome.

Jumanne, 4 Machi
Binti yangu Upendo kapiga simu. Anasema mbwa hufundishwa kwa upole na vipande vya nyama, nisikasirike. Nyama! Nimefundisha darasa la kwanza hapa Elerai miaka thelathini. Hakuna aliyejua kusoma kwa kulishwa nyama.

Alhamisi, 6 Machi
Nimejaribu upole. Umeniishia saa moja na robo. Baadaye akaja mwenyewe, mkia chini. Nikamchapa kwa kuchelewa, nikamfungia.

Ijumaa, 7 Machi


Jirani yangu Mama Neema alisukuma geti akileta maziwa. Tomi akampita miguuni, huyo barabarani. Lori linateremka. Nikapiga kelele, "Tomi! Njoo!"

Alinisikia. Hilo ndilo linaloniumiza. Alinisikia, akalala palepale katikati, tumbo kwenye lami, akajikojolea. Lori lilifunga breki, kokoto zikamwagika. Tairi lilisimama hatua mbili tu kutoka kichwani mwake. Dereva alinitukana.

Mama Neema alisema taratibu, "Mwalimu, pole. Lakini huyu anakuogopa wewe kuliko lori."

Jumamosi, 8 Machi
Bado nimeshtuka. Kila nilipomwita aliambulia fimbo au banda, au vyote viwili. Kumbe nimemfundisha, na ameelewa vizuri kabisa. Nawakumbuka watoto wangu wa darasa la kwanza, walivyokuwa wakinyamaza ghafla nikiingia. Nilidhani ni heshima. Naona aibu.

Jumapili, 9 Machi
Sikwenda ibada ya kwanza. Nimetia geti kufuli, nikakaa chini uani na sahani ya utumbo. Nimemwita mara moja, kwa sauti ya chini. Hakuja. Nikaendelea kukaa. Ibada ikaisha, watu wakapita nje wakizungumza. Ndipo akasogea, akalala mahali nisipoweza kumfikia. Nikamsukumia kipande.

Alikula. Macho hayakuacha kuutazama mkono wangu.