Mashine Yako ya Gemu Imewaka

Mashine yako imewaka, baba! Gigabaiti kumi na sita, na mkono uliozichomeka ni huuhuu unaoandika barua hii!

Haya, sasa nikusalimu kama mtu mwenye adabu zake. Hujambo, injinia wangu? Kile kifua kimeacha kukubana wakati wa baridi? Huku sisi wazima, isipokuwa macho yangu, ambayo siku hizi yanataka miwani hata kutunga uzi. Cherehani inaendelea kutulisha. Kila mteja anayekuja kuchukua nguo lazima kwanza asikilize habari zako, na asiyetaka namwambia nguo yake bado haijawa tayari.

Chumba chako kiko vilevile. Kila Ijumaa nakifuta vumbi, kisha nakaa kidogo kwenye kile kiti chako kinachozunguka, natazama kioo cheusi cha kompyuta. Miaka minne, mwanangu. Simu zako nazipata, nashukuru, lakini simu haina harufu ya mtu. Na kila nikikuuliza utakuja lini, wewe unaniuliza kama mdogo wako bado anakaa hapa. Yeye naye nikikutaja anainuka kwenda kuanua nguo, hata kama kambani hakuna kitu.

Basi mwezi uliopita ni yeye huyohuyo, Sindano wetu, aliyeniambia kwamba ile gemu uliyoipenda imetoka nyingine mpya, na mashine yako ilivyo haiiwezi, ramu yake, yaani ile kumbukumbu ya ndani, ni ndogo, itabaki kuhema tu. Akasema kaka hatakuja kwa ajili yake, labda atakuja kwa ajili ya mashine. Alisema akicheka, lakini mimi niliyemzaa nakijua kicheko chake cha kweli.

Tukamwita fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili. Akafungua ubavu wa mashine, akasema ramu za kizamani hivi madukani hazipo, na za siku hizi pengo lake limekaa pengine, haziingii hata ukizipigia magoti. Sindano akazunguka siku tatu kwa wauza kompyuta zilizotumika mpaka akapata mbili pacha. Fundi alitaka kuzichomeka, nikamwambia thubutu, mashine ya mwanangu naishika mimi. Nikalinganisha pengo, nikasukuma kwa vidole gumba mpaka vishikizo vikalia ta, ta. Tukawasha. Feni ikavuma, kioo giza tupu. Jirani yetu Mama Taarifa, ambaye hakuna aliyemwita, akasema haya, nimeshaiua mashine ya watu. Fundi akazitoa, akazisugua zile sehemu za kung'aa kwa kifutio cha penseli, nikachomeka tena, na kioo kikajaa mwanga. Nilipiga kigelegele mtaa mzima ukatoka nje! Fundi amekiri mwenyewe kwamba mkono wangu ni mwepesi kuliko wa wanafunzi wake. Muulize.

Lakini kabla ya hayo yote, alipofungua tu, aliuliza jambo. Nafasi za ramu ziko mbili na moja ilikuwa tupu, sasa ramu ya pili ilikwenda wapi? Sindano alikuwa ameshika tochi. Akamjibu taratibu kwamba kaka yake anasema aliiuza yeye akanunulia simu. Mimi nikajitia hamnazo, nikaomba bisibisi ambayo sikuwa na kazi nayo.

Baba, kaa chini. Ramu ile niliichukua mimi.

Ulikuwa mwaka wako wa mtihani. Mezani hukai na sisi, vitabu viko sakafuni, wewe na gemu, gemu na wewe. Na ulikuwa umenionyesha mwenyewe, siku ile tulipopuliza vumbi pamoja, jinsi vishikizo vinavyobanwa na ramu ikaruka juu. Nikasema nitoe moja tu, gemu ziende kwa kukwamakwama, akichoka atarudi kwenye vitabu, mtihani ukiisha nitairudisha wala hatajua. Sikujua kwamba wiki hiyohiyo mdogo wako angeleta simu mpya, aliyoipata kwa jasho la kusuka watu nywele. Ulipomwita mwizi pale sebuleni, mbele ya mjomba wako, shangazi yako na Mama Taarifa, mimi nilikuwa kwenye cherehani, ramu iko mfukoni mwa aproni yangu, na mguu wangu ukaendelea kukanyaga. Ukafaulu, nikakusifu kwa kila mwenye masikio, ukaondoka bila kumuaga, na tangu hapo kila nikikusifu nahisi kokoto mdomoni.

Yeye nimemwambia juzi. Hakupiga kelele. Alimaliza kukunja shuka aliyokuwa ameishika, akakaa karibu yangu, akalia mpaka bega langu likalowa. Kisha akasema msamaha wa jikoni hautaki. Aliitwa mwizi mbele ya watu, anataka asafishwe mbele ya watu walewale, na wewe ukiwapo.

Ana haki. Nimeshawaita wote. Mjomba wako amekubali, shangazi yako anakuja, Mama Taarifa huyo atakuwapo, hata usiniulize. Nitasimama palepale sebuleni niseme kwa mdomo wangu. Hasira zako zote nipe mimi, nitazipokea nikiwa nimesimama. Ila njoo, baba. Nimechoka kusikia nyumba imenyamaza. Natamani hata kelele zenu za kugombania kiti.

Wasalimie wenzako kazini, na bosi wako mwambie mama anasema likizo si dhambi. Mdogo wako hajanituma salamu, lakini kalamu ilipoanza kukwama ni yeye aliyeniletea nyingine, akasimama nyuma yangu mpaka nikaandika jina lake.

Mimi mama yako mzazi, fundi cherehani na sasa fundi kompyuta pia, ninayekungoja pamoja nao wote Jumamosi, tarehe kumi na tisa mwezi ujao, saa nne asubuhi.