Msumari wa Picha Yangu

Bwera, Jumapili baada ya misa

Baba,

Nimerudi nyumbani tangu Ijumaa na mkoba wangu bado sijaufungua. Matanga yalipokwisha nilinyolewa nywele, nikapanda basi pale Kasese kwenda chuoni, kama nilivyokuahidi. Nilidhani narudi mwaka wa tatu.

Unakumbuka nilipoomba ruhusa chuoni nije kukuuguza? Nilikuwa nasita, nawe ukacheka hapo ulipolala. "Hiyo chuo iko mzee kuliko mimi, Biira. Itakungoja." Nikakuamini.

Hakikuningoja, Baba.

Wamebadilisha digrii zote. Ya miaka minne imekuwa ya mitatu, na kozi yetu ya kilimo wameiunganisha na biashara. Masomo ya udongo, yale niliyokuwa nakusomea kwa sauti huku ukichagua kahawa mbovu kwenye mkeka, yamebaki ya muhula mmoja. Ulikuwa unanikatiza, unasema huo ni udongo wa Rukoki, si wa kwetu. Langoni wameweka bango la mwelekeo mpya, lina picha ya msichana anayecheka. Nilisimama nikamtazama. Sijui anacheka nini.

Wanafunzi wa zamani tulitakiwa kuchagua: kumalizia mpango wa zamani au kuingia huu mpya. Ujumbe ulikuja kwenye simu yangu wiki ile tulipokuzika. Mimi nilikuwa ndani na akina mama. Kwetu hakuna anayeshika kazi yoyote kabla ya matanga kwisha. Simu alikuwa nayo mdogo wako, baba mdogo Kule, akiwapigia jamaa wa Butembo. Aliuona, akaufuta. Alidhani ni matangazo ya kampuni ya simu. Sasa nikiingia anapokaa, anakumbuka mbuzi wake na kutoka. Mbele ya watu sijamlaumu. Moyoni ninamlaumu. Na wewe pia, kidogo. Unisamehe.

Asiyechagua alipelekwa mpango mpya, mwaka wa kwanza. Dada wa ofisini alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Pole kwa msiba, lakini tarehe ilikuwa moja kwa wote." Nikamwambia na baba yangu alikuwa na tarehe moja tu ya kuzikwa. Akamwita aliyekuwa nyuma yangu.

Miaka yangu miwili, Baba. Hawaihesabu.

Ule msumari uliougonga sebuleni siku nilipopata barua ya chuo, ukakataza mtu kutundika hata kalenda kwa sababu ni wa picha yangu nikiwa nimevaa joho, hapo ndipo Mama ametundika picha yako. Hakuwa na msumari mwingine. Nilipoiona nilitoka nje, nikakaa kwenye mkeka wako mpaka waliponiita kula.

Nitaanza tena, pamoja na watoto waliokuwa bado sekondari nilipoondoka. Hilo nakuahidi, ingawa naliahidi kwa uchungu. Siku picha yangu ikifika, utasogea kidogo.

Lala salama, Baba. Na huko uliko unikumbuke.

Biira wako