Kinyago Ulichokichoma, Mama

Champlin, Minnesota
Novemba 9, 2014

Mama mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini ulifika nyumbani Hamisi salama na magoti yamepata nafuu. Sisi ni wazima; mjukuu wako ana meno mawili sasa. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ungeanza kuniombea kabla sijamaliza, na safari hii nataka nimalize.

Nimekasirika, Mama. Ulipokwisha kupanda ndege, Rahab wa kanisani alinieleza yote. Kwamba nikiwa shifti, wewe na wanawake wa maombi mliteremka chumba cha chini, mkakitoa kile kinyago cheupe cha mkwe wako Okwudili, mkakichoma nyuma ya nyumba huku mkiimba. Ati ni uso wa maiti. Ati ndicho kilichokuwa kikimliza mtoto. Mtoto alikuwa anaota meno!

Si ungeuliza tu? Ule ni uso wa msichana. Kwao Waigbo, weupe ule ni uzuri na usafi wa wasichana waliokwisha kufa, na mwanamume ndiye hukivaa akacheza. Marehemu baba mkwe wangu alikicheza tangu ujana wake. Januari kingetoka uwanjani kijijini kwao kumsindikiza, ndipo mazishi yake yakamilike. Mimi mwenyewe nilifuta vumbi kote nikikikwepa, maana mwanamke hakigusi. Na vinyago vya jando kwetu Tiriki, mjomba Zadock alipotoka amevivaa, si ulipiga vigelegele? Mbona hivyo hukuvichoma?

Juzi Okwudili alishuka kukifunga kwa safari, akakuta ukuta mtupu. Alilia, Mama. Hata baba yake alipofariki sikumwona akilia hivyo. Akauliza ni nani aliyekitoa.

Nikamwambia ni mimi. Nilikichoma mimi, kwa mikono yangu. Ningekutaja wewe, usingekanyaga tena nyumba hii. Tangu hapo hali chakula nilichopika, na Januari anakwenda peke yake. Hajasema kama atarudi.

Barua hii anakuletea Naftali, anayesafiri kesho, ili ikufikie mapema. Jumapili ijayo Okwudili atakupigia simu kunishtaki kwako, kama mkwe mwenye adabu. Atakuomba unikanye, kwa kuwa anakuamini. Sikufundishi la kumjibu.

Wasalimie wote nyumbani. Nakupenda, na bado nimekasirika.

Binti yako,
Maureen