Babu Anataka Saa Inayosema, Mimi Nataka Inayonyamaza

Mshauri wetu mpendwa, niokoe kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi Babu anakuja kusikia saa ambayo bado sijainunua, na nyumba nzima imegawanyika utadhani tunachagua mbunge.

Mimi ni msichana nisiyeona, sijaona tangu nizaliwe, na nakuomba usianze kunionea huruma hapo kwa sababu shida yangu haipo hapo. Nimeajiriwa mwaka huu na kampuni ya maji, kitengo cha kupokea simu za malalamiko, na Babu mzaa mama alipopata habari alifurahi mpaka akavunja kibubu chake akanipa hela, akasema, "Kanunue saa. Mfanyakazi hawezi kuishi kwa kuulizauliza watu muda." Basi nikaenda dukani na binamu yangu, muuzaji akawa anamuuliza binamu, "Anapenda rangi gani? Hii itamtosha?" na mimi nimesimama palepale kama mwavuli uliosahauliwa, nikamwambia kaka, mdomo ninao, niulize mimi, ndipo akaniwekea mkononi saa mbili, ya kwanza ukibonyeza kitufe inataja saa kwa Kiingereza, sauti ya mama fulani mwenye kugomba, na ya pili haisemi kitu, kioo chake kinafunguka na unapapasa mishale kwa kidole, wewe mwenyewe, kimyakimya, na nilipoigusa tu nikajua hii ndiyo yangu.

Tatizo ni kwamba Babu, tangu binamu amsimulie ile inayosema, haambiliki. Uelewe kwamba Babu alikuwa mlinzi wa geti kiwandani na ndiye aliyepiga king'ora cha kuingia na kutoka kazini, mtaa mzima uliamka na kula kwa king'ora chake, mpaka leo wanamwita Mzee King'ora, na mimi nilipokuwa mdogo yeye ndiye alikuwa saa yangu, alikuwa akinitangazia uani, "Mchumba, saa kumi hiyo, mama yako yuko njiani!" na hata sasa, kila siku saa saba mchana nikitoka kula, ananipigia simu kuniambia kwamba ni saa saba, na simu yangu yenyewe inajua kutaja saa, lakini napokea tu.

Sasa mshauri, kazini sikio moja kompyuta inanisomea maandishi, sikio la pili mteja ananifokea kwamba bomba limekauka, sikio la kumsikiliza yule mama wa kwenye saa nitalitoa wapi? Na kuna jambo jingine ambalo nyumbani sijamwambia mtu. Ninyi mnaoona mkiwa kikaoni na bosi hamalizi, mnachungulia saa kidogo na hakuna anayejua, lakini mimi nikibonyeza ile, chumba kizima kinajua nimechoka. Maisha yangu yote, kila nikitaka kujua saa, lazima kuwe na mtu anayejua kwamba nataka kujua. Naitamani hiyo siri ndogo, mshauri, naitamani mpaka naona aibu.

Mama anasema, "Baba umri umemwenda, mfurahishe, uwe unaivaa akija tu." Shangazi, ambaye hakuombwa maoni, anasema hela ni za mzee kwa hiyo achague mzee. Binamu anasema ninunue inayosema halafu niizime sauti, ndizo akili za binamu hizo. Nikinunua ya kimya, Babu ataona simhitaji tena na itamvunja moyo. Nikinunua inayosema, nitavaa zawadi ya mtu ninayempenda huku naichukia. Nifanyeje?

Mjukuu wa Mzee King'ora

MSHAURI ANAJIBU

Mjukuu, huruma umeikataa mwenyewe, basi usilalamike.

Nunua ya kupapasa. Babu yako alisema kanunue saa, hakusema kanunue redio. Tena rudia maneno yake mwenyewe: hataki uishi kwa kuulizauliza watu muda. Saa itakayokuondolea hilo kweli ni hiyo ya kimya, na hiyo siri yako ndogo usiionee aibu, sisi wengine tunaifaidi kila siku vikaoni bila hata kushukuru.

Ushauri wa mama yako uweke pembeni, kwa heshima zote. Mzee aliyekagua mifuko ya wafanyakazi pale getini, wewe umfiche saa? Atakukamata kabla hujamaliza kumkaribisha. Shangazi mpe chai. Binamu sina la kumwambia.

Sasa zamu yako. Muuzaji alimuuliza binamu unapenda rangi gani, na wewe umesimama hapo hapo. Ulikasirika, na ulikuwa na haki zote. Halafu umerudi nyumbani, ukamsikiliza mama, ukamsikiliza hata shangazi ambaye hakuombwa maoni, sasa unaniuliza mimi wa gazetini, nisiyemjua mzee hata kwa sura, kama moyo wake utavunjika. Yeye naye mdomo anao. Umemfanyia Babu kilekile ulichofanyiwa dukani, na kibaya zaidi umemfanyia kwa upendo, ndiyo maana hukujishtukia.

Kwa hiyo usisubiri Jumamosi ifike hujasema kitu. Mpigie leo, umwambie kama ulivyoniambia mimi: masikio yamejaa, na unataka kitu kimoja maishani unachokijua peke yako. Akinuna, mwache anune, wazee hununa na hurudi. Jumamosi mwende wote dukani. Mwambie afumbe macho, ushike kidole chake ukiweke juu ya mishale, umwambie asome saa. Atakosea. Mcheke kidogo, kisha mfundishe taratibu, naye ajue kwamba hiyo saa isiyopiga kelele inafanya kazi.

Na ile simu ya saa saba. Unadhani mzee hajui kwamba simu yako inataja saa? Anajua vizuri sana. Kiwanda hakimwiti tena, uani hakuna mtoto wa kutangaziwa, amebaki na wewe, na anachotaka ni upokee. Kwa hiyo saa mpya isikufanye uanze kumjibu kwa mkato.

Siku ya kwanza ukiivaa kazini, fungua kioo, papasa, na saa saba ikifika mtangulie, mpigie wewe. Mwambie, "Babu, saa saba hiyo." Aliwatangazia watu saa maisha yake yote, na sidhani kama kuna aliyewahi kumtangazia yeye. Kisha muulize amekula nini, na usikate mpaka amalize kukuambia.