Paka Mwenye Sauti ya Bi Zaituni

Jumatatu, 13 Januari

Rekodi ya thelathini na moja. Masikio yananiuma kwa hivi vidude vya kusikilizia. Niko darini tangu baada ya alfajiri, komeo nimelitia, feni imekufa. Bi Zaituni anasuka ukili wa mkeka na kumwita bintiye Mwanajuma kwa Kiamu, lahaja yetu. Mikono haisimami, mdomo hausimami. "Ndoo hapa, kitwa cha nazi. Ndoo kwa mamako." Kisha kile kicheko chake cha puani, mara mbili, na kuvuta pumzi. Nimekisikia mara mia na bado nacheka peke yangu kama punguani.

Nijikumbushe kwa nini mgongo unanikatika. Tasnifu ya uzamili: mama aliye kazini anazungumzaje na mtoto aliye miguuni pake? Akina mama kumi na wanne wa Kipungani, kijiji cha upande wa pili wa kisiwa, wasuka mikeka, na watoto wao wasiotimiza miaka mitatu. Vitabu nilivyosoma vinamkalisha mama kwenye chumba chenye midoli, kisha vinashangaa kwa nini hana la kusema. Mimi nimemwacha na miyaa yake ya kusukia. Naona nimepata kitu. Sijamwambia mtu, naandika hapa tu.

Maandishi ya kwanza yanatolewa na programu ya rafiki yangu Swafiya. Mimi nasikiliza na kusahihisha. Programu za kawaida zilikuwa zikisikia Kiamu na kuandika upuuzi mtupu, "ndoo" yetu ya njoo ikawa ndoo ya maji, ndipo nikampa Swafiya nakala ya rekodi zote aifundishe ya kwake. Yeye anasomea kompyuta Nairobi, na kazi pia amepata huko huko. Niliwaahidi akina mama kwamba nitasikiliza mimi tu, lakini Swafiya hahesabiki. Tumelala kitanda kimoja tangu tuna miaka sita.

Jumatano, 15 Januari

Kipungani. Nimewasomea akina mama maneno yao kutoka kwenye karatasi, kama tulivyokubaliana. Wamecheka hadi miyaa ikawaanguka. Mwana Esha hakuamini kwamba husema "hebu hebu" mara thelathini kwa saa moja. Akaanza kubisha, na neno la kwanza lililomtoka likawa hebu hebu.

Bi Zaituni ameuliza tena, mara ya tatu sasa, ni nani anayesikiliza. Nimemjibu vile vile: mimi tu. Msimamizi wangu, Profesa Odera, anasoma karatasi, sauti hazigusi. Nililiandika hilo kwenye pendekezo la utafiti na mwenyewe akakubali bila kuuliza.

"Mato ya wanaume nayaepuka kwa buibui, mwalimu," akasema, kidole kwenye jicho. "Sauti haina buibui." Mwalimu ndiyo jina langu kwake, kwa utani. Kisha akaniambia kwamba amekubali kwa ajili ya mamangu, kwa kuwa anamjua.

Nimerudi nimeshiba samaki wa kupaka. Siku nzuri.

Jumapili, 19 Januari

Siandiki vizuri.

Wifi yangu Halima amekuja kutoka Mombasa na mwanawe wa miaka minne. Halima anafundisha chekechea huko. Mtoto amekuja na paka wa manyoya, wa kijivu, ana kitufe tumboni. Paka anaongea. Kampuni moja ya Nairobi imeipa shule yao paka kumi wa majaribio: mama akiwa kazini, paka anamsemesha mtoto. Nikafanya mzaha kwamba sasa hata umama unatiwa betri. Tukacheka. Mtoto akabonyeza.

"Njoo hapa, kichwa cha nazi. Njoo kwa mamako."

Kicheko cha puani. Mara mbili. Pumzi.

Wamemnyoosha lafudhi, Kiamu chake wamekifuta. Kicheko wamekiacha.

Baba alikuwa pale pale na kahawa yake. Kaka yangu pia. Wamecheka pamoja na paka, baba hata akasema mwambie aseme tena, na mtoto akabonyeza tena. Wanaume wawili wasiomhusu Bi Zaituni wamemsikia akimwita mwanawe kwenye mapaja yake. Sebuleni kwetu. Mimi nimekaa na sinia ya mahamri mkononi.

Nimeirudisha sinia jikoni na sikutoka tena.

Jumatatu, 20 Januari

Nimemnyang'anya mtoto paka asubuhi kwa uongo kwamba anahitaji kusafishwa. Nimepanda naye darini. Nimebonyeza hadi kidole kikabaki na alama.

Bi Zaituni ndiye mwenye kicheko. Mwana Esha yumo, hebu hebu, wazi kabisa. Yule mama mdogo wa nyumba ya mwisho, anayevuta "eee" kama anauliza, naye yumo. Wengine wameyeyushwa pamoja, nawasikia vipande vipande.

Kampuni iliyoandikwa chini ya unyayo wa paka ndiyo iliyomwajiri Swafiya mwezi wa Oktoba. Mimi ndiye niliyempigia vigelegele kwenye simu.

Jumanne, 21 Januari

Swafiya alipokea simu mara ya tano. Nilitaka akane. Nilikuwa nimejiandaa kumwamini, akisema tu kwamba kuna mtu ameiba, kwamba kompyuta yake iliingiliwa, chochote. Hakukana. Alikuwa mtulivu kama mtu wa benki.

"Rukia, hizo si sauti za mtu. Zimechanganywa zote. Hakuna mama hapo."

Nikamwambia, kicheko je? Akasema kicheko ndicho kilichowapendeza wakubwa wake. Watoto wanatulia wakikisikia. Nikamtaka akitoe. Akasema mashine ikishajifunza haisahaulishwi, labda waanze upya, na hilo hawatalifanya. Mwisho akasema, "Na usome fomu yako."

Nimeisoma. Kipengele cha nane: data zinaweza kutumiwa na washirika wa utafiti. Fomu niliinakili kwa mwanafunzi aliyenitangulia, nikabadilisha jina na kichwa cha utafiti. Kipengele cha nane sikuwasomea akina mama. Nilikuwa na haraka ya boti, na Bi Zaituni mwenyewe alisema, "Twambie kwa mdomo, makaratasi ni yako." Nikawaambia kwa mdomo: mimi tu. Wakatia dole gumba.

Kwa hiyo kwa karatasi Swafiya hana kosa. Mwongo ni mimi.

Angekuwa mtu wa bara ningesema hakujua. Huyu mamake mwenyewe mwanamume akibisha mlangoni hamwitikii, hupiga makofi mawili ili sauti yake isisikike. Tulikuwa tukimwigiza, mimi na yeye, tukicheka chini ya shuka. Anajua vizuri kuliko mimi. Ndiyo maana hakuniuliza, maana jibu alikuwa nalo.

Jumatano, 22 Januari

Nimepika, nimemchukia. Nimefua, nimemchukia. Nimeswali na nimemchukia kati ya rakaa, Mungu anisamehe.

Adhuhuri amenitumia picha ya ukurasa. Tasnifu yake imeshapita. Shukrani: "Kwa dada yangu Rukia, aliyenifungulia mlango." Ameweka na alama ya moyo.

Anadhani hiyo ni zawadi.

Ijumaa, 24 Januari

Nimezungumza na Profesa Odera kwa simu karibu saa nzima. Nilitaka awe mbaya. Nilitaka aniambie haya ni mambo madogo ya kwenu, ili niwe na mtu wa pili wa kumchukia. Hakusema hivyo. Aliniuliza akina mama wameshajua? Nikasema bado.

Kisha akaniambia kitu nisichokijua. Mwaka jana nilimtumia faili la sauti kwa bahati mbaya pamoja na karatasi. Alilifuta bila kulifungua. Hakunitajia kwa kuwa hakuona cha kutaja. Mjaluo wa watu, hana hata shangazi huku, ameilinda ahadi yangu. Mtoto wa mtaani kwetu ameiuza.

Njia ziko mbili. Fomu iko sawa kisheria, kwa hiyo naweza kunyamaza, nikatetea tasnifu mwezi wa Aprili kwa karatasi nilizo nazo. Au niandikie kamati ya maadili ukweli wote, pamoja na kwamba sikuwasomea fomu nzima na kwamba nilimpa mtu rekodi. Hapo data zangu zote zinafutwa. Miaka miwili imekwenda. Kampuni itaandikiwa barua, alisema, lakini hakutaka kunidanganya: barua ni barua.

"Uamuzi ni wako, Rukia," akasema. Nilimjibu vibaya. Nitamwomba radhi.

Jumapili, 26 Januari

Mama ameshajua, nilimweleza jana. Leo akinisuka nywele akasema, "Nyamaa tu, mwanangu. Hawatayua. Paka za Mombasa zitakuya lini Kipungani?"

Ananitakia mema. Anaitaka ile picha ya joho ukutani, nafasi ameshaiacha kati ya kaka na marehemu babu. Na mimi naitaka. Sitajifanya mtakatifu hapa: leo mchana kutwa nimenyamaza moyoni na ilikuwa raha. Nimefungua sura ya nne. Nimesahihisha kurasa tatu. Ni nzuri. Ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya.

Kisha nikafika kwenye mstari wa Bi Zaituni anapouliza, katikati ya rekodi, "Mwalimu, wasikia wewe tu?" Na maandishi yanaonyesha jibu langu. Ndiyo, Bi Zaituni.

Nimefunga kompyuta.

Jumatatu, 27 Januari

Nimewaambia.

Walikuwa tisa ukumbini kwa Bi Zaituni, wengine nimewafuata majumbani. Nilisimama, sikuweza kukaa. Nilieleza vibaya, nikianza na fomu, nikirudi kwa paka, nikimtaja Swafiya na wazazi wake ili wajue ni nani. Mwana Esha hakuelewa, akadhani nimempoteza mtu. Ilibidi niseme wazi: sauti zenu nilimpa rafiki yangu, rafiki yangu ameziuza, sasa wanaume wanazisikia shuleni na majumbani, na siwezi kuzirudisha.

Mikono iliendelea kusuka. Hilo liliniumiza kuliko kelele.

Bi Zaituni akataka kusikia. Nilikuwa nimemrekodi paka kidogo kwenye simu. Nikasita, akanyoosha mkono. Nikaiweka simu juu ya mkeka na kubonyeza.

Njoo hapa, kichwa cha nazi. Njoo kwa mamako.

Mwanajuma alikuwa mlangoni anacheza na kifuu. Aliinua kichwa. Akaja mbio, akampita mamake, akaichuchumalia simu. "Lebeka," akaiitikia simu. Akangoja. Kilipotoka kicheko naye akacheka, akaipapasa kwa kiganja.

Bi Zaituni alimtazama. Mikono yake ilisimama. Katika saa zote nilizomsikiliza sijawahi kuisikia ikisimama.

"Ulitwambia wewe tu," akasema.

Nilisema nisamehe. Nilisema ni mimi, si Swafiya peke yake. Nilisema nitafuta kila kitu na sitachukua shahada kwa sauti zao. Alinisikiliza mpaka mwisho, ana adabu. Kisha akamwinua Mwanajuma, akamwambia Mwana Esha anitilie chai. Nilikunywa. Haikuwa na sukari, au ilikuwa nayo, sijui.

Alhamisi, 30 Januari

Barua kwa kamati imekwenda. Kurasa mbili. Jina la Swafiya limo mara moja, langu mara kumi na moja. Nimefuta rekodi kwenye kompyuta, kwenye flashi, kwenye simu. Ya thelathini na moja niliiacha ya mwisho. Sikuisikiliza.

Profesa amejibu kwa mistari miwili. Amesema tutatafuta swali jingine. Amesema tutatafuta, si utatafuta.

Swafiya amepiga mara tatu. Amejua kuhusu barua. Ameacha ujumbe kwamba nimemharibia kazi na kwamba sikutegemewa kumfanyia hivi, mimi, dada yake. Nilicheka kwa sauti, peke yangu, si kicheko kizuri.

Kwenye ile nafasi ukutani Mama ametundika kalenda ya duka.

Alhamisi, 6 Februari

Nimekwenda Kipungani kurudisha fomu. Kila mmoja na karatasi yake, yenye dole lake, afanye atakalo. Mwana Esha amewashia jiko ya kwake pale pale. Wengine wameziweka chini ya mkeka.

Wamenipokea vizuri. Bi Zaituni amenikaribisha, ameniuliza hali ya mamangu, amenipa mto wa kuegemea. Ameniita Bi Rukia, si mwalimu. Tumezungumza kuhusu bei ya miyaa na mvua isiyokuja. Nimekaa kama saa moja.

Ilinichukua muda kugundua. Watoto walikuwepo, wanne, wanapanda mapajani na kushuka. Hakuna mama aliyemsemesha mtoto. Mtoto akivuta nguo, mama anamshika mkono. Akilia, anapewa titi au kipande cha muhogo, kimya. Hawakupanga, nadhani. Nilipoingia tu, yaliyobaki yakawa maneno ya watu wazima.

Mwanajuma akaanza kusinzia. Bi Zaituni akamlaza mapajani, akampigapiga mgongoni kwa kiganja. Mtoto alikuwa anangoja. Alifumbua macho, akamtazama mamake mdomoni. Bi Zaituni alinitazama mimi, bila chuki, kama mtu anayengoja mgeni amalize chai.

Nikavaa buibui langu. Nikaaga. Wakaitikia wote, wakanitakia safari njema.

Nilikuwa nimefika kwenye kona ya ukuta nilipomsikia Bi Zaituni ndani anaanza kumsemesha mwanawe, taratibu. Nikaongeza mwendo, nisisikie zaidi.